Baada ya Kuvuka

Hotuba niliyoitoa Mpanda mbele ya walimu wa Kiswahili, wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na wazee waliokuja kutoka Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi nilikokulia. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za leo. Wanafunzi, hamjambo.

Mwalimu aliyenikaribisha amesema nitazungumzia vita, kwa kuwa mimi ni mwandishi mkimbizi. Namshukuru kwa maneno mazuri, ila kuna mawili ya kuweka sawa. Ukimbizi niliuvua mwaka 2014 kwa karatasi ya serikali. Na vita sivikumbuki. Mwaka 1972 nilikuwa mtoto wa mgongoni. Yote ninayoyajua kuhusu Aprili na Mei ya mwaka ule nilisimuliwa na mama, na mama hakuwa mtu wa kusimulia. Ukimuuliza, alivuta ungo akaanza kuchambua maharage, hata kama yalikwisha kuchambuliwa.

Kwa wanafunzi ambao hawakulelewa na habari hizi, nieleze kwa ufupi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, huko Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya ziwa letu hili la Tanganyika. Waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi, maofisa wa serikali na raia wa kawaida, wanawake na watoto wakiwemo. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima kwa miezi kadhaa, hata mikoani ambako hakukuwa na muasi hata mmoja. Walitafutwa hasa waliosoma: walimu, wanafunzi wa sekondari, makarani, wachungaji, askari. Makadirio ya waliouawa yanaanzia watu 100,000 na kufika 300,000. Warundi huuita mwaka ule Ikiza. Baba yangu mdogo alikuwa akisomea ualimu. Jina lake lilisomwa darasani, akatoka nje, akapanda lori pamoja na wenzake. Hatujui zaidi ya hapo.

Sasa, mbele ya wazee hawa, niseme jambo ambalo halisemwi sana makwetu. Katumba tulikua tukisimuliwa nusu ya pili tu ya habari hii. Nusu ya kwanza, ile ya siku za mwanzo za uasi, niliisikia nikiwa mtu mzima, tena kutoka kwa mwanamke wa Kitutsi wa Rumonge aliyepoteza kaka zake wakati uleule mama alipompoteza shemeji yake. Tulikaa naye kivulini tukinywa soda. Hatukulinganisha misiba. Idadi hazilingani, na kilichofanywa na serikali yenye jeshi, orodha na malori hakiwezi kuwekwa mizani moja na uasi wa watu wenye mapanga. Lakini kaka zake walikufa, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia. Watu waliofukuzwa wakiachwa peke yao na habari yao wenyewe, huipunguza hadi iwatoshe. Nasema hivi nikiwa mmoja wao.

Nilitoa mswada wangu wa kwanza wa riwaya kwa mhariri mmoja. Aliurudisha na ujumbe mfupi: ameandika vizuri mama huyu, lakini vita viko wapi? Mswada ulikuwa umejaa tumbaku, vibali, harusi, ugomvi wa mipaka ya mashamba. Alitaka usiku wa mapanga, na nafikiri wasomaji wengi wanamtaka mkimbizi awe na usiku huo mfukoni, autoe akiombwa. Yale mauaji yalichukua miezi. Ukimbizi wetu ulichukua miaka 42. Mimi nimeishi humo kwenye miaka 42, ndiyo ninayoijua kwa macho na kwa mikono, na ndiyo niliyokuja kuizungumzia.

Waswahili wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe siku ya kwanza. (Wazee wanacheka. Wanajua.) Serikali ya Tanzania haikutaka watu wakae mpakani, na ilikuwa na sababu: mwaka 1973 jeshi la Burundi lilivuka na kushambulia vijiji vya upande huu. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba wafanyakazi wa bandari za Dar es Salaam na Kigoma waligoma kushughulikia mizigo ya Burundi. Hilo naomba vijana mlishike, maana ni nadra kusikia wapagazi wa bandari wakigoma kwa ajili ya watu wasiowajua. Watu walipelekwa mbali na ziwa, ndani kwenye miombo ambako mbung'o walikuwa wengi kuliko binadamu. Makazi ya Ulyankulu yalianza 1972, ya Katumba yakafuata, ya Mishamo yakaja mwishoni mwa muongo huo. Serikali ilitoa ardhi, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitoa fedha, na shirika la Kikristo lililojulikana kwa herufi zake, TCRS, lilichonga barabara na kuchimba visima. Misitu tuliifyeka wenyewe.

Baba alikuwa mtu wa Nyanza-Lac, mtu wa michikichi na dagaa. Alikuwa hajawahi kulala usiku bila kusikia maji ya ziwa. Katumba alipewa eneo lenye miti aliyoiita kwa majina ya miti mingine, kwa sababu hakuijua. Mwaka wa kwanza alipanda muhogo kwenye matuta kama walivyopanda kwao, na maharage katikati. Mama alilalamikia mafuta. Mafuta ya alizeti kwake yalikuwa maji ya rangi. Mawese yalikuwa yakiletwa kutoka Kigoma kwa treni, kupitia Tabora na Kaliua, na mtu aliyefanikiwa kuyafikisha Katumba bila kumwagika alikaribishwa kama bwana harusi.

Kisha tumbaku. Msichana wa Katumba wa umri wangu alijua bani kabla ya kujua kusoma. Kwa msiotoka huku: bani ni nyumba ndefu ya udongo, ndani haina chumba wala dirisha, ina fito tu kutoka chini hadi juu, na kwenye fito unaning'iniza majani yaliyofungwa mawili mawili, matatu matatu. Moto unawashwa nje na joto linapita ndani. Lazima mtu akeshe. Ukiuacha upoe, majani yanakuwa na madoa. Ukiuzidisha, bani zima linawaka, na kazi ya msimu imekwisha. Ndugu yangu na mimi tulikesha kwa zamu. Hadithi zote za Kirundi ninazozijua, za sungura, za fisi, za mfalme Ntare, nilizipata pale mlangoni pa bani, zikisimuliwa na kijana mwenye usingizi ili asilale. Asubuhi tulikwenda shule na moshi kwenye nguo, tukaimba wimbo wa taifa la Tanzania. Kichwani mwangu mambo hayo hayakugombana. Mtoto hana haja ya kuchagua mpaka mtu mzima amwulize.

Katikati ya miaka ya 1980 makazi yalikuwa yanajilisha yenyewe, yanalipa kodi, na yanauza mahindi na maharage nje. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi. Miaka mitatu kabla ya hapo, wakimbizi wapatao 36,000 kutoka Rwanda walikuwa wamepewa uraia. Nayasema haya kwa shukrani, na shukrani yangu haina mzaha. Ila mtu anayekushukuru akikuficha yaliyomuuma, hajakuheshimu.

Yaliyotuuma ni kibali. Kutoka makazini ulihitaji karatasi: jina, kijiji, unakokwenda, sababu, tarehe ya kurudi, muhuri. Baba alikiweka kibali chake ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya Biblia, Biblia ndani ya begi, na kila treni ilipopunguza mwendo mkono wake uliingia begini kabla hata hajajua inasimama wapi. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mgonjwa na amelala kwenye basi njia ya Tabora, dereva alifunga breki na nikaona mkono wake unatafuta kitu pajani. Siku hiyo hatukuwa na begi.

Mimi nilipata njia nyingine. Nilipokuwa sekondari niliambiwa na wenzangu kuwa naongea kama Muha, nikasema ndiyo, mimi Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo uongo huo ulikuwa mwepesi. Walimu kadhaa walijua na wakanyamaza, Mungu awalipe. Lakini ukijiita Muha inabidi uwe na babu Muha, na kijiji, na shangazi anayeuza vitunguu sokoni. Nilimtunga shangazi huyo na maisha yake yote, pamoja na ugomvi wake na mumewe. Nikiulizwa nilianzaje kuandika, jibu la kweli ndilo hilo.

Mwaka 2007 ndipo tulipoulizwa. Burundi ilikuwa imetoka kwenye vita vyake vya pili, vile vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, na Makubaliano ya amani ya Arusha ya mwaka 2000 yalikuwa yameanza kuzaa. Watu wa makazi matatu, wapatao 218,000, waliulizwa kaya kwa kaya: mnataka kurudi, au mnataka kuwa Watanzania? Karibu wanne kati ya kila watano walisema wanabaki. Waliorudi walikuwa kama 53,000.

Nadhani mlio vijana mnaona hapo takwimu. Sisi tuliona meza. Nyumbani kwetu baba alikuwa ameshafariki na kuzikwa Katumba, nyuma ya shamba la muhogo. Mama alisema anarudi. Kaka yangu alisema hawezi kumwacha mama arudi peke yake. Mimi nilikuwa na mume, watoto, na darasa la watoto wengi, nikasema nabaki. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi, maana ugomvi ungetupa la kufanya. Kwenye fomu moja mimi niliukana uraia wa Burundi, nchi ambayo sikuwa na picha yake hata moja kichwani. Kwenye fomu nyingine kaka yangu, aliyezaliwa hapa Katumba, alirejea kwao ambako hakuwahi kufika.

Kisha tukasubiri. Uraia ulikubaliwa mwaka 2010 kwa watu zaidi ya 162,000, lakini vyeti havikutoka. Kulikuwa na sharti: makazi yangefungwa, na sisi tungetawanywa kwenye mikoa mingine ili tuchanganyike na wenzetu. Wakati wa kusubiri tuliambiwa tusijenge nyumba za kudumu wala kupanda mazao ya kudumu. Hebu fikirini kijiji kizima cha wakulima ambamo hakuna anayepanda mwembe. Burundi tulikuwa tumeikana, Tanzania ilikuwa haijatupa cheti, na kitambulisho cha ukimbizi hakikuwa na maana tena. Uchaguzi wa 2010 ulipita tukiutazama. Redioni tulikuwa tunaitwa Watanzania wapya.

Wazee wakauliza swali ambalo hakuna ofisi iliyokuwa imejiandaa kwalo: na makaburi? Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu wazazi wetu. Miaka yote walikuwa wanasema nyumbani ni Burundi, tunapita tu, msijisahau. Lakini walipoambiwa wahame Katumba, waliwakataa maofisa kwa kuwaonyesha vilima vya udongo nyuma ya mashamba. Mzee mmoja, ambaye kwa miongo mitatu alikuwa akituonya tusijifanye Watanzania, alikaa chini kando ya kaburi la mkewe na kusema atahama akibebwa. Sharti la kuhama lilikuja kuondolewa, na Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kukabidhi vyeti. Sitawaambia nililia. Nilipanga foleni, nikasaini, nikaenda kununua miche ya miembe.

Mama na kaka walikuwa wamefika Nyanza-Lac na kukuta michikichi ya baba imezeeka vizuri na ina mwenyewe. Familia ile haikuwa imeiba. Ilikuwa imegawiwa ardhi na serikali, na imekaa hapo tangu miaka ya sabini. Kulikuwa na tume ya mashamba iliyosikiliza kesi za namna hiyo, na kama ilivyofanya kwa wengi wakati ule, iliwashauri wagawane. Kaka akapata nusu ya shamba na chuki kamili ya jirani. Watoto wake walichekwa shuleni kwa kutojua Kifaransa. Waliitwa Watanzania. Ndiyo, wale waliokataa kuwa Watanzania.

Aprili 2015 Rais Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu, kaka hakusubiri kuona itakavyokuwa. Alikuwa amelelewa na watu waliosubiri. Walifika Kagunga, kijiji kidogo cha upande huu wa Tanzania kilichobanwa kati ya ziwa na milima, kilichojaa makumi ya maelfu ya watu kwa wiki chache, na kipindupindu kikaingia. Hapana barabara. Waliondolewa kwa meli ya Liemba, ambayo haiwezi kutia nanga ufukweni, kwa hiyo wagonjwa na vikongwe walipelekwa kwa mitumbwi hadi kwenye maji ya kina na kuvutwa juu. Liemba, kama mnavyojua, ilijengwa Ujerumani 1913 na kufungwa mizinga kwa ajili ya vita vya wengine kwenye ziwa hili. Siku ile mama yangu alivutwa kupanda humo akiwa na sufuria moja. Kutoka uwanja wa Lake Tanganyika pale Kigoma wakapakiwa mabasi kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Nami nilikwenda kuwatazama. Kuingia kambini ni lazima uwe na kibali. Nikaandika barua, nikaambatanisha nakala ya cheti changu cha uraia, nikasubiri. Ofisa aliyepokea alikuwa kijana mpole. Aliniuliza uhusiano wangu na wakimbizi hao. Nikamwambia huyu ni mama yangu, huyu ni kaka yangu wa tumbo moja. Akatazama cheti, akatazama majina yao, akasema: "Mama, samahani, wewe ni Mtanzania. Hawa ni Warundi. Niandikeje?" Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Fomu yake ilikuwa na kisanduku kimoja. Mwishowe aliandika "rafiki."

Kaka alipouona mfuko wa nailoni mkononi mwangu alicheka mpaka akakaa chini.

Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi, karibu na Mto Ruvubu, kwenye makaburi ya halaiki. Pamoja na mifupa kulikuwa na nguo, miwani, rozari. Baadhi ya watu walitambuliwa kwa vitu hivyo. Mama aliisikia kwenye redio akiwa Nyarugusu. Aliponipigia simu hakusema habari za hukumu wala za siasa. Aliuliza kama mimi, kwa kuwa nasoma magazeti, nimeona popote kumetajwa mkanda wa ngozi wenye bamba la shaba. Shemeji yake alinunua mkanda huo wiki ile aliyoitwa darasani. Miaka karibu hamsini, na hajawahi kuutaja mkanda huo kwa yeyote kati yetu.

Hapo mwalimu aliyenialika anaweza kusema, sasa umetupa vita. Labda. Lakini angalieni vimekuja na nini: mkanda, na bei yake, na kijana anayejivunia kiuno. Mhariri yule angepata mapanga mengi kutoka kwangu na asingepata mkanda, kwa sababu mkanda haukutoka kwenye maswali ya vita. Ulitoka baada ya simu nyingi za kuulizana bei ya unga na kama mvua imenyesha.

Wanafunzi, nimewaletea kazi, na mwalimu wenu amekubali. Wazee waliokaa mstari wa mbele wameruhusu mwafuate majumbani Jumamosi. Nendeni wawili wawili, mmoja anayejua Kirundi na mmoja asiyekijua. Rekodini kwa simu, na mwanzo wa kila kurekodi semeni kijiji kwa jina lile la zamani la makazi, kwa sababu majina hayo yanabadilika na ramani mpya hazina. Msianze na 1972. Muulize alipofika alipewa jembe la aina gani na mpini aliukata kwenye mti gani. Nani alikuwa mkunga kijijini. Tumbaku ya kwanza aliuza kwa nani na fedha akanunua nini. Kibali chake cha mwisho kiko wapi. Wengi bado wanavyo, vimefichwa vizuri, ombeni kuvipiga picha pande zote mbili, maana nyuma ya karatasi hizo watu waliandika madeni, majina ya watoto, hesabu za magunia. Muulize kaburi gani analitunza, na ni nani atalitunza baada yake. Akinyamaza, mwacheni anyamaze, na msizime simu. Akitaka kuchambua maharage, mshikieni ungo. Mniletee mlichopata kabla likizo haijaanza, pamoja na makosa yake, nami nitasoma kila kimoja.